Paka aliyepewa jina la hasira: uchambuzi wa kisa cha Lostface

Wanaoandika hadithi za koo za paka huja na swali lilelile. Paka wangu ana manyoya ya kijivu, macho ya kijani, ni mkali lakini ana huruma ndani yake, nimwite nani? Swali hilo limeanzia pabaya. Linamkagua paka kuanzia masikio hadi mkia na kumsahau kabisa anayempa jina. Katika hadithi za aina hii paka hajipi jina mwenyewe. Anapewa, tena mbele ya ukoo mzima, na mkubwa mwenye sababu zake, na sababu hizo mara nyingi hazimhusu yule anayepewa.

Sijaona kisa kinachoonyesha jambo hili kama kile cha paka jike mmoja wa ukoo wa ThunderClan, katika mfululizo wa Warriors ulioanza kuchapishwa mwaka 2003 kwa jina la Erin Hunter, jina la kalamu ambalo nyuma yake wapo waandishi kadhaa. Paka huyo alipitia majina manne. Ugomvi wetu ni juu ya la tatu, Lostface.

Kwa asiyeujua utaratibu wa koo hizo: paka wanaishi msituni, kila ukoo na eneo lake. Mtoto akizaliwa hupewa neno moja, rangi, mmea, ndege au hali ya hewa, na nyuma yake hubandikwa -kit, alama ya utoto. Akifikisha miezi sita anakuwa mwanagenzi, na -kit inampisha -paw. Akifuzu, kiongozi anaiondoa -paw na kuweka kipande anachokichagua mwenyewe: -heart ya moyo, -claw ya kucha, -fur ya manyoya, -tail ya mkia. Akija kushika uongozi, kipande cha nyuma kinaanguka tena na kuwa -star, nyota, maana wahenga wa ukoo, StarClan, wanaaminika kukaa kwenye nyota na ndio wanaompa kiongozi maisha tisa. Hivyo Bluekit akawa Bluepaw, akawa Bluefur, akaishia Bluestar. Ukitazama vizuri utaona jina lina wenyewe wawili. Neno la mbele ni la nyumbani, la siku za kunyonya, na kwa kawaida halimwachi paka mpaka kufa. La nyuma ni la ukoo, na ukoo hulibadilisha unapotaka.

Sasa kisa. Frostfur alikuwa na watoto wanne waliokuja kujulikana kama Cinderpelt, Brackenfur, Thornclaw, na huyu wetu, Brightkit, jike mweupe mwenye mabaka mekundu-mekundu. Alipokuwa mwanagenzi, Brightpaw, ukoo ulikuwa mikononi mwa Bluestar, na Bluestar wa siku zile hakuwa yule wa zamani. Makamu aliyemwamini, Tigerclaw, alikuwa amepanga kumuua. Akaanza kuwashuku wote, akawageukia hata wahenga, akajiona yuko vitani na nyota zenyewe. Makamu mpya, Fireheart, alipomwomba awapandishe wanagenzi waliokwisha kuiva, alikubali mmoja tu: Cloudpaw, akawa Cloudtail. Swiftpaw, aliyekuwa mwanagenzi kabla ya huyo, akabaki na -paw yake.

Hapo ndipo msiba ulipoanzia, na wasomaji wengi huruka juu yake kukimbilia damu. Msituni palikuwa na kitu kinachoua. Swiftpaw alimchukua Brightpaw wakaenda kukitafuta wao wenyewe ili kiongozi asiwe tena na kisingizio cha kuwanyima majina. Waliyoyakuta ni mbwa, kundi zima. Swiftpaw aliuawa. Brightpaw alirudishwa kambini akiwa nusu mfu, upande mmoja wa uso umechanwa, jicho halipo, sikio limebaki vipande, na katika kuweweseka kwake akirudia maneno mawili, “kundi” na “kuua”. Kwa maneno mengine, vijana wawili walikwenda kufuata silabi moja. Mmoja alikufa bila kuipata, na mwenzake akapata kitu kibaya kuliko kukosa.

Koo hizo zina desturi kwamba mwanagenzi aliye mahututi, kama amestahili, hupewa jina la ushujaa kabla roho haijatoka, asiende kwa wahenga akiwa bado mwanafunzi. Ni desturi ya huruma. Fireheart aliiomba, na Bluestar akaifanya, lakini badala ya kutafuta neno la kumsindikiza binti yule alimwita Lostface, uso uliopotea, na akasema waziwazi kwamba anataka StarClan wajue walichomfanyia.

Kisha Brightpaw hakufa.

Tukae hapa kidogo. Jina lile halikuelekezwa kwa aliyepewa. Bluestar alikuwa na ugomvi na mbingu, akaandika barua ya matusi, na karatasi aliyoandikia ilikuwa ngozi ya mtoto wa mwenzake. Angekufa usiku ule, barua ingefika ilikotumwa na mambo yangeishia hapo. Alipopona, ikabidi aibebe kila siku mchana kweupe, aitwe kwayo asubuhi wakati wa kugawana doria, aitwe kwayo wakati wa kula, na kila anayemwita awe anamsomea upya jambo ambalo halikuwa limeandikwa kwa ajili yake. Bluestar mwenyewe alikufa mtoni akiwavuta mbwa walewale wasiufikie ukoo, akiwa ameshapatana na watoto wake na ameshatulia na wahenga. Mwandikaji aliondoka, hasira yake imekwisha. Jina likabaki.

Sisi tusingepaswa kushangaa. Pwani na bara zimejaa watu wazima wanaoitwa Mashaka, Shida, Taabu, Sikujua. Mashaka alipozaliwa hakuwa na mashaka yoyote. Waliokuwa nayo ni waliokuwa nje ya chumba wakisubiri. Sikujua ni sentensi iliyosemwa na mtu mzima siku fulani kuhusu jambo fulani, labda kwa jirani, na anayeijibu kwa miaka sitini ni mwingine. Hata majina yasiyo na kinyongo, Chausiku wa usiku na Masika wa mvua, yanaeleza zaidi saa ya aliyekuwepo kuliko tabia ya aliyekuja. Msomaji wa Kiswahili anaingia katika hadithi za paka akiwa na elimu hii tayari. Ajabu ni kwamba akishika kalamu anaiacha mlangoni na kuanza kupima rangi ya manyoya.

Kuna kosa la pili ndani ya Lostface, la kiufundi, na ndilo linalolifanya liume zaidi ya ubaya wa maana yake. Limefuta pande zote mbili. Bright, angavu, neno alilokuja nalo kutoka kwa mama, limeondoka pamoja na -paw. Mlinganishe na dada yake wa tumbo moja. Cinderpaw aligongwa kwenye barabara ya magari akalemaa mguu, ndoto yake ya kupigana ikafa, akageukia uganga. Lakini alipopata jina kamili aliitwa Cinderpelt: neno la utoto lipo, la nyuma linasema manyoya, na mguu haukuguswa. Ukoo uleule, nyumba ileile, ulemavu wa kudumu kwa wote wawili. Mmoja jina lake linampokea kutoka utotoni na kumvusha. Wa pili jina limemkata katikati, kana kwamba yule aliyekuwepo kabla ya mbwa alikuwa mtu mwingine.

Tena ni jina lisilo na nafasi. Fireheart, moyo wa moto, anaweza kesho kufanya jambo likamfanya awe Fireheart zaidi, au akalisaliti jina lake, na hadithi ikapata nguvu kutoka hapo. Lostface afanye nini ili awe Lostface zaidi? Siku moja tu ndiyo iliyomo humo ndani, na imekwisha. Waandishi wachanga hupenda sana majina ya aina hii, Kovu, Damu, Yatima, wakidhani yana uzito. Yana uzito kweli, ila ni wa jiwe, hayasogei.

Na bado, kwa mwandishi, lile ni chaguo la ustadi mkubwa. Lazima tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya: jina baya kwa paka linaweza kuwa jina zuri kwa hadithi. Kurasa nzima zingeweza kutumika kutueleza kwamba akili ya Bluestar imeyumba na imani imemtoka. Badala yake tukapewa neno moja, kutoka kinywani mwake, mbele ya ukoo, juu ya mtoto anayekata roho. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji maelezo. Jina lilimchora aliyelitoa kuliko lilivyomchora aliyelipokea, na sababu ya kulibadilisha baadaye ilikuwa imeshapandwa ndani yake tangu siku ya kwanza.

Watu hupinga hapa kwa kumtaja Crookedstar, na pingamizi ni la haki. Huyu alikuwa wa RiverClan, alizaliwa Stormkit, akavunjika taya akiwa mdogo, na Rainflower, mama yake mzazi, akataka aitwe Crookedkit, aliyepinda. Kiongozi akakubali. Ukilipima kwa ukatili, hili limelizidi la Lostface, kwa sababu Bluestar alikuwa amechanganyikiwa na Rainflower alikuwa timamu. Aliona aibu tu. Na hapa neno la mbele limefutwa na mkono uleule uliopaswa kulilinda. Lakini Crookedkit akawa Crookedpaw, akawa Crookedjaw, na alipopewa ukoo akaingia nalo: Crookedstar. Hakuna aliyelibadilisha.

Tofauti naiona kwenye mwendo. Crookedkit alipewa jina lake akiwa mwanzoni mwa ngazi, kwa hiyo kila alipopanda alipanda nalo, na kila kipande kipya cha nyuma kilimfanya anayelisikia alifikirie upya. Aliyepinda mwenye nyota si maneno yanayokaa pamoja kwa urahisi, na mvutano huo ndio hadithi yake nzima. Lostface alipewa lake kwenye ngazi ya mwisho ya shujaa wa kawaida. Hakukuwa na sherehe nyingine iliyokuwa ikimsubiri. Kama jina litabadilika, lazima mtu aingilie kati.

Aliyeingilia ni Cloudtail, yule yule aliyepandishwa wakati wenzake wakinyimwa. Alikaa naye wakati wa kuuguza, akamsaidia kutafuta namna ya kupigana kwa jicho moja, akampenda. Wahenga wetu walisema akipenda, chongo huita kengeza, na kwa kawaida methali hiyo husemwa kwa kumcheka anayependa: kapofuka, haoni kasoro. Katika kisa hiki inageuka ikawa ya heshima. Cloudtail aliliona jicho kwamba halipo, alikuwa akimwuguza. Alichokataa ni kuliacha liwe jina.

Fireheart, sasa Firestar, alikuwa kiongozi mpya. Aliwaomba wahenga walichukue jina lile la Lostface, akampa Brightheart. Bright limerudi, la nyumbani. Hilo ni nusu ya tiba. Nusu ya pili ni -heart, na hapa kuna kitu nisichosikia kikizungumzwa. Firestar alikuwa ameivua -heart yake siku chache tu kabla, alipopata -star. Kipande cha nyuma alichompa binti yule kilikuwa kimetoka kwake mwenyewe, bado kina joto. Sijui kama waandishi walikusudia. Kwa msomaji haileti tofauti. Kipo kwenye karatasi, na ukishakiona hukiachi.

Kubadilisha jina hakukufuta kila kitu, na naipenda hadithi kwa kutodanganya. Miaka baadaye Jaypaw, mwanagenzi kipofu, alipangiwa Brightheart awe mwalimu wake wa kwanza, akachukia. Aliona amepewa mwenye jicho moja kwa sababu yeye hana hata moja. Brightheart kwa jina, na mtoto bado anausoma uso.

Tuje kwenye kalamu zetu. Mtu anayeandika hadithi ya ukoo wa paka kwa Kiswahili akianza kutafsiri vipande hivi moja kwa moja anapata Moyomwangavu, Mkiawingu na wenzao, majina ambayo hakuna mama angeyaita kutoka upenuni jua likizama. Lugha yetu haina haja ya kubandika cheo nyuma. Inakiweka mbele, na inafanya hivyo kila siku bila sisi kuhisi. Kiwimbi ni mtoto. Ondoa ki-, Wimbi amekua. Akiwa shujaa unaweza kumwongezea jina la kitendo kwa mtindo wa mpigambizi na mvunjajungu: Wimbi Mrukaukuta, Wimbi Mlindagati. Akiwa kiongozi, vyeo vya kale vya pwani vipo, Fumo, Mwinyi, Jumbe, Shaha: Fumo Wimbi. Wanaoona kuwa kubadili jina kwa ngazi ni uzungu wamkumbuke rais wa pili wa Kenya, aliyezaliwa Toroitich, na lile arap alilolibeba mbele ya Moi, ambalo Wakalenjin humpa mwanamume baada ya jando. Au Mtyela Kasanda, mtemi wa Unyamwezi, aliyejichagulia mwenyewe jina la vita, Mirambo, maiti, na ndilo tunalomjua nalo mpaka leo. Huyo ndiye mfano wa nadra wa mtoaji na mpokeaji kuwa mtu mmoja, na jina linatisha kwa sababu hiyo hasa.

Ki- ina faida nyingine ambayo -kit haina. Kinywani mwa mama ni mapenzi. Kinywani mwa adui ni dharau. Kumwita paka mzima Kiwimbi ni kumwambia hujawa kitu. Kiongozi akikataa kuiondoa ki- hiyo wakati wake umefika, umeshapata kisa cha Swiftpaw bila kuazima mbwa.

Tujaribu. Ukoo wa ufukoni Lamu, mji ambao paka hupita vichochoroni kama wenye nyumba. Mwanagenzi Wimbi amepigwa teke na punda, jicho limekwenda. Fumo Kusi, shume mzee aliyegombana na punda wa mji huo tangu ujana wake, amepanda juu ya ngalawa iliyopinduliwa.

“Nani mwenye mtoto huyu?”

“Wangu, Fumo,” akasema Umande.

“Kuanzia leo ni Chongo. Kila mwenye kwato akipita hapa alisikie jina hilo, ajue sijasahau.”

Umande aliinamisha kichwa, kama inavyotakiwa. Usiku, alipokuwa akimlamba kovu nyuma ya mapipa, alimwita kwa sauti ya chini jina la kunyonya. “Kiwimbi. Lala, mwanangu.”

“Mimi si mtoto, mama.”

“Najua.”

Paka mmoja, majina matatu, na hakuna mahali msimulizi aliposimama kutueleza rangi yake. Kusi ametuambia habari zake mwenyewe na za punda. Umande amerudi nyuma ngazi nzima kwa sababu ngazi aliyowekwa mwanawe haivumiliki, na mwana amelikataa hata hilo la mapenzi, kwa kuwa alishalitoka. Wimbi, jina lake halali, halijatamkwa na yeyote. Atakayelitamka kwanza, iwe mpenzi, mwanagenzi mwenzake au punda, huyo ndiye utakayemjengea sura inayofuata.

Kazi iliyobaki ni ya kamusi na ya sikio. Kabla ya kumwita mtoto Kimeta kwa sababu ana manyoya yanayometameta, jua kwamba wafugaji wote watakaokusoma watafikiria ugonjwa unaoua ng'ombe. Koo jirani zikihitaji majina ya kutisha, msitu wetu una ndugu wa paka wenye majina tayari, mondo, kimburu, simbamangu, na msomaji ataogopa bila kuelezwa. Usiwape mashujaa watatu majina yanayoanza na M, hasa ukitumia majina ya kitendo, ambayo yote huanza na M. Mpe mmoja tu jina la namna hiyo, yule aliyefanya kitendo ambacho ukoo mzima ulikiona kwa macho.

Na andika mahali, hata pembeni ya daftari, nani alitoa kila jina, akiwa katika hali gani, na nani alikuwepo akisikiliza.